Mkondo wa Saba

Niliinunua kwa mlinzi wa disko lililofungwa:
miksa yenye roho mbili.
Juu, virungu vya kushika, vimelainika kwa jasho la vidole vya wengine;
ndani, kadi ndogo kama ukucha
inayokumbuka kila kitu na haisemi mpaka iulizwe.
Mikondo kumi na miwili. Mimi ni mmoja.

Studio yangu ni kabati.
Łódź, mtaa wa Bałuty, ghorofa ya nne, lifti ina maradhi yake.
Makoti ya baridi yamening'inia pande zote,
yanameza mwangwi, yananuka dawa ya nondo.
Nakaa juu ya ndoo ya rangi na klarineti yangu,
navaa hedifoni, nasikia pumzi yangu imekua
kana kwamba kuna mtu mkubwa kuniliko humu gizani.

Mkondo wa kwanza, klarineti.
Wa pili, klarineti ileile, ikijibu.
Wa tatu nimeufuta mara kumi na tisa.
Kioo cha kunyolea hukuonyesha uso wa leo;
hii hukurudishia wa juzi na kosa lake,
palepale, sekunde ya thelathini na mbili,
haina huruma, mwaminifu kama deni.

Jumanne usiku, theluji imeziba dirisha,
nimeufikia wa sita.
Ngo. Ngo. Ngo-ngo.
Bi Otylia wa chini, na kijiko chake kwenye bomba la joto.

Kelele za chura, nikajisemea, ng'ombe atakunywa tu.
Kisha nikaona haya:
chura, usiku ule, alikuwa mimi.
Nikazima taa, nikalala.

Sikujua kwamba maikrofoni ya pili niliiacha sebuleni,
kando ya bomba, volti arobaini na nane zikiipita,
kitelezi cha saba kikiwa juu,
taa yake nyekundu, wazi kama jicho la mbea.

Asubuhi nikacheza yote.
Ngo. Ngo. Ngo-ngo.
Haikutangulia. Haikuchelewa.
Nilizishusha klarineti moja moja kwa kidole
mpaka akabaki yeye tu ndani ya chuma,
na maji ya moto yakinong'ona nyuma yake.

Nikashuka ngazi, miksa kifuani kama mtoto mwenye homa,
waya ukiburuta.
Mlango ukafunguka upana wa kiganja.
"Umekuja kunitukana?"
"Nimekuja usikilize."
"Sikio hili lilikufa mwaka sabini na moja, kiwandani,
mitambo mia tatu ya kufuma chini ya paa moja.
Hata hiyo filimbi yako siisikii, naihisi kwenye bomba, meno yanauma.
Weka hili lingine."

Alisikiliza amesimama, kiganja ukutani.
Kidole kikaanza chenyewe kwenye fremu ya mlango,
mwili ukaenda kidogo kushoto, kidogo kulia,
kama mtu anayelinda nyuzi zisikatike.
Miaka ishirini na sita mtambo ulimfunza.
Mtambo uliuzwa kwa kilo, chuma chakavu;
mdundo alirudi nao nyumbani, hakuna aliyeudai.

Nilingoja machozi. Hayakuja.
Alivua hedifoni, akazipangusa kwa aproni.
"Pale katikati umekimbia," akasema.
"Uzi ungekatika. Rudia.
Na saa tatu usiku uwe umemaliza."

Kwenye kitelezi cha saba nimebandika kipande cha plasta
na jina lake, kwa kalamu ya wino.
Wa tatu nimeufuta tena, mara ya ishirini,
ila sasa nina wa kumfuata.

Saa mbili na nusu napiga kisigino sakafuni, mara moja.
Nabonyeza nyekundu.
Nangoja bomba.