Fundo la Mkono wa Kushoto

Wamelitundika Wete, kwenye ghala la zamani la karafuu,
kamba arubaini toka dari hadi sakafu,
mwani mkavu, wa zambarau na wa kijani,
katikati pameachwa wazi
kama mlango wa nyumba isiyo kuta.
Nunuu binti Faki ndiye aliyelitunga. Kasomea sanaa ng'ambo,
akarudi na nywele fupi na maswali marefu.
Kwangu alinunua magunia sita bila ya kupatana bei,
nikamwona hamnazo.

Ukutani kabandika neno moja: MGENI.
Chini yake, kwa herufi ndogo kama sisimizi,
kwamba mbegu hii ilitoka mbali, ikavuka bahari,
na sasa inamea hata pasipo kigingi,
juu ya matumbawe, bila ya kuitwa.

Nikacheka peke yangu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
huyu tulimpa kamba, akatukabidhi jembe sisi.
Akanipa bati ishirini na nne, na madaftari ya Mkasi,
na mgongo huu usionyooka.
Na karafuu je, iliyolinukisha ghala hili mpaka mbao zikalewa?
Nayo kitovu chake kilizikwa hapa?

Lakini kicheko kilinikwama kama mwiba wa changu.
Nilipakumbuka pale penye shamba langu.
Mama akiokota kombe pale, na chaza,
nyasi za bahari zikimfika magotini,
zikilala zote upande mmoja, maji yanakokwenda.
Ni mimi niliyezing'oa. Kwa mikono. Siku tatu za bamvua,
ili vigingi vikae sawa.
Maandishi ya ukutani hayakunitaja.

Ikaja mvua ya vuli. Mwani haujui kuwa umekuwa sanaa:
ulinusa unyevu, ukalainika,
ukaanza kudondosha chumvi, tone, tone,
kwenye saruji iliyosuguliwa kwa ajili ya wakubwa.
Mlinzi mbio na tambara. Nunuu akamzuia:
"Uache. Hiyo ndiyo kazi yenyewe."

Nikasogea. Kamba ya kumi na saba,
taitai imefungwa kinyume, kwa mkono wa kushoto.
Fundo langu.
Miaka thelathini nalifunga, nimeliinamia,
sijapata kulitazama likiwa usawa wa macho.

"Hairuhusiwi kugusa, bibi."
Nilikuwa nishaonja kidole.
Nimeshagusa, mwanangu, nikamwambia.
Zamani.