Nusu Milimita

Gego la kwanza, chini, upande wa kushoto.
Mwenyewe ni Murdo Geddes, mwezekaji mapaa,
miaka arubaini juu ya vigae vya mawe vya Dundee,
sasa amelala chali chini ya taa yangu,
mikono imefumbatana tumboni
kama abiria wa ndege asiyemwamini rubani.

Eksirei ilinionya, sikatai.
Kiini cha jino kilikuwa kimesinyaa,
chokaa imekijaza kama birika la maji ya kisima,
na jino lenyewe limeinama kidogo,
mithili ya mtu anayesikiliza ya jirani.
Nilitafuta mlango wa mfereji wa tatu.
Nikatafuta.
Kekee ikalia, nami nikaiambia: kidogo tu.
Kidogo tu tena.

Mzizi hautobolewi kwa ukatili.
Hutobolewa kwa "kidogo tu tena."

Ghafla pakawa laini,
na jino, anayelijua analijua, haliwi laini.
Damu ikaja, mbichi, nyekundu, mahali pasipo pake.
Karatasi nyembamba niliyoichomeka
ikatoka imelowa ubavuni, ncha yake kavu.
Kipimo cha umeme kikalia mapema,
kikidai nimefika mwisho, nami sijafika nusu.
Na mzee, mwenye ganzi hadi sikioni,
akakunja vidole vya mguu ndani ya kiatu.

Eilidh, msaidizi wangu, hakusema neno.
Alinisogezea pamba.
Dirishani, Lochee ilikuwa ndani ya mvua yao ile
isiyo na matone, inayolowesha bila kunyesha.

Kuna sauti inayokuja dakika hiyo.
Inasema: ziba kimya. Andika "damu kidogo."
Jipu likichipuka juu ya ufizi mwakani,
kijiti cha kupimia kikizama ghafla kama mguu shimoni,
mfupa ukiliwa polepole pale mizizi inapoachana,
mzee atasema ni uzee.
Sauti hiyo naifahamu.
Ina lafudhi yangu.

Nikavua barakoa, nikainua kiti.
"Mzee Geddes, nimetoboa mzizi wa jino lako."

Akatazama skrini kwa muda.
"Tundu kubwa kiasi gani?"
"Nusu milimita."
Akacheka upande mmoja, ule uliokuwa bado wake.
"Maji hayaulizi ukubwa wa tundu, binti.
Mimi nimewahi kutumbukiza mguu kwenye dari ya kanisa,
ibada ikiendelea.
Niambie: umeliona leo,
au umeliona baada ya majira ya baridi?"
"Leo."
"Basi ziba leo."

Nikashusha darubini.
Dawa kali ya kuoshea nikaiweka mbali,
isipenye ikaunguza mfupa;
nikaosha kwa maji ya chumvi, nikakandamiza pamba,
nikaisubiri damu ichoke.
Kisha saruji: unga wa kijivu, mbichi kama mchanga wa pwani,
saruji isiyoogopa unyevu,
inayoganda palepale damu ilipopita.
Chembe kwa chembe. Bila nguvu.
Juu yake pamba yenye maji, juu ya pamba kifuniko.

Mfereji wa tatu niliuona wakati huo,
karibu kabisa, upande ambao sikuutazama.

Nikamwambia yote: huenda itashika, huenda haitashika,
na isiposhika tutaling'oa.
Atarudi wiki ijayo, kisha baada ya miezi sita.
Sitamtoza kitu.
Akaitikia kwa kichwa, akijipapasa shavu
kama mtu anayetafuta funguo.

Mlangoni akageuka, akanyoosha kidole juu,
palipo na doa la kahawia darini, juu ya kiti changu,
doa alilolitazama saa nzima akiwa kinywa wazi
na hana namna ya kusema.
"Na lile la kwako, daktari," akauliza,
"umeliona lini?"