Safu ya Maelezo

Bosi ameniachia jedwali lenye safu saba
na siku kumi na nne za kujaribu bure.
Mwito upande wa kushoto, Kiungo upande wa kulia,
mimi katikati, chai ikipoa,
ghorofani juu ya duka la mbegu, Nakuru,
vumbi la mashudu likipanda ngazi kabla ya wateja.

Tunauza chakula cha ng'ombe. Basi.
Pumba, chumvi ya kulamba, mikebe ya maziwa;
watu watano, na simu nne zinazoshika chaji.

Mwito hukupigia simu ukiwa bado unasafisha koo,
huhesabu dakika, hupaka rangi nyekundu
jina la aliyezembea.
Kiungo ni kipole. Hukuandikia ujumbe,
hungoja siku tatu, huandika mwingine
kwa Kiswahili kilichovaa tai:
Habari yako, Mpendwa Mteja, tumekukosa.

Bei: Mwito hulipiwa kwa kila kichwa,
kama josho.
Kiungo hulipiwa kwa dola,
na dola haijui urefu wa Januari.

Chepng'eno alisema, chagua kinachofanya kazi mtandao ukikatika.
Obwoge alisema, chagua kisichomwonyesha bosi niko wapi.
Nikayaandika yote mawili.

Siku ya tano bosi akauliza: na wateja wa Andayi?

Andayi alikwenda Shinyalu mwezi Mei kumzika babake,
akabaki huko na kesi ya mpaka wa shamba.
Simu ya kazi aliituma kwa basi,
imefungwa kwa gazeti, kioo kina ufa,
nywila imeandikwa kwa kalamu mgongoni.
Niliifungua nikitafuta majina.
Hapakuwa na majina.

Palikuwa na Ng'ombe Tatu Njoro.
Palikuwa na Lori Bluu.
Ngoja Asonge Ugali.
Usimpigie Jumamosi.
Usimpigie Jumamosi wa Pili.
Mama Tangi, niliyempigia mara sita bila kumpata
hadi nikamuuliza Andayi, naye akacheka:
kule Mau Narok mtandao humkuta kando ya tangi,
saa kumi na mbili jioni, ndama wakinywa.

Na mmoja aliitwa Pole Kwanza.
Sikuuliza kwa nini.
Nilipiga, nikaanza na pole.
Kimya.
Kisha akasema asante,
kisha akasema, niletee magunia manne.

Miaka sita ya kazi ya mtu,
watu sabini na watatu na desturi zao,
ndani ya kitu kinachoweza kutumbukia chooni.
Ndiyo maana siwacheki wanaotuuzia programu.
Nataka kumbukumbu isiyokwenda matangani
ikakawia kurudi.

Nikakesha nikihamisha.
Mwito uliuliza: jina la kwanza? Jina la ukoo?
Nikaandika Pole. Nikaandika Kwanza. Ukakubali.
Ukamkataa Ng'ombe Tatu:
alama hiyo hairuhusiwi katika jina.
Ukamkataa hata Chepng'eno,
ambaye ni mmoja wa vichwa tunavyolipia.

Kiungo kiliwapokea wote bila neno,
Lori, Ugali, Jumamosi zote mbili,
nami nikalala nikidhani nimemaliza.
Alfajiri, kwa upole wake wote, kikatuma:
Habari yako, Mpendwa Pole, tumekukosa.

Jibu lilifika kabla sijapiga mswaki.
Andayi, umerudi?

Safu ya saba ni ya maelezo,
herufi mia moja na sitini, nafasi zikihesabiwa.
Nimeandika: Kiungo, ila tukizime mdomo.
Nafasi imebaki tele, na bosi anataka jibu saa tatu.
Nimeliacha jedwali wazi, nikachukua ile simu yenye ufa,
nikampigia,
nikaanza na pole.