Chumba na Sebule, Isyesye

Funguo kumi na saba mfukoni,
hata moja si yangu.

Asubuhi, ukungu umeificha Loleza,
nampeleka Bi Tusekile kuona chumba na sebule.
"Maji yanatoka?"
Yanatoka, nasema.
Sisemi ni Jumanne, tena usiku.
Luku ya kuchangia. Kodi miezi sita, mkupuo.

Haangalii dari wala marumaru.
Anasimama dirishani, anaupima upepo kwa kiganja,
kisha:
"Aliyetoka, alitoka kwa heri?"

Miaka tisa ya udalali, sijaulizwa hilo.

Nyuma ya mlango kuna mistari ya penseli,
urefu wa mtoto, Januari hadi Januari;
wa mwisho unanifika kiunoni.

Mwenye nyumba alitaka nipake kote.
Nilipaka kuta.
Mlangoni, nikamwambia, rangi iliisha.