Picha Nne, Elfu Tatu

Utotoni, Raskazone, tulikatazwa kuvuka kamba ya maboya:
"Kule kuna chunusi, atakuvuta mguu."
Sikuvuka.
Akanifuata mwenyewe nchi kavu,
akapanda shavuni, akajenga.

Nina miaka thelathini na nane.
Watoto wa dada yangu wameota, wamepona,
mimi bado.
Moja ikilala kidevuni, mbili zinaamka,
na zikiondoka haziagi vizuri:
zinaacha wekundu,
kama mpangaji aliyehama na taa ikiwaka.

Ngamiani, Barabara ya Nane, kila mtu tabibu.
Muuza nazi: ni karanga hizo.
Wifi: damu chafu, kunywa mwarobaini.
Bi Mwanakombo, dirishani kwake: "Olewa, zitakwisha."
Nikaolewa.
"Basi zaa."
Nikamzaa Mhina, kilo tatu na nusu.
Alipojua kunyoosha kidole
kitu cha kwanza alichobonyeza duniani
kilikuwa kidevuni kwangu.

Nimepaka liwa.
Nimepaka manjano mpaka foronya ikanuka mchuzi.
Nimepaka ndimu, nikafungulia bomba la bafuni
ili mume asisikie.
Nimepaka ile ya kikopo kisicho na jina,
inayopimwa kwa kijiko sokoni Mgandini.
Wiki mbili nilimeta kama sahani ya wageni.
Ya tatu, uso ukashika moto,
na tangu hapo mashavu yangu yamekaa
kama ya mtu aliyetukanwa sasa hivi.
"Mbona umekasirika?" wateja huuliza.
Sijakasirika. Ni ngozi.

Daktari Senkoro, pale Bombo, binti mdogo kuliko mimi,
alinawa mikono, akanigusa
bila kubonyeza.
Sijui kwa nini hilo lilinitoa machozi.
Akasema: acha vyote.
Dawa hii usiku, kiasi cha punje ya njegere.
Jua la saa sita likwepe.
Na wekundu?
"Huo una mwendo wake. Miezi. Pengine zaidi."
Nilitaka aseme wiki.

Na kazi yangu, nicheke au nilie, ni studio ya picha.
Nafuta chunusi za watu kwa kompyuta.
Bofya, imekwenda. Bofya, imekwenda.
Maharusi wa Makorora, vijana wa kidato cha nne,
hata mgombea udiwani mmoja mwenye shingo ya vipele,
wote wametoka kwangu laini kama yai lililomenywa.
Jioni, mlango nimeshaushusha,
nilikuwa najifuta mwenyewe.
Kidevu. Bofya. Paji. Bofya.

Picha hiyo nikaipeleka benki.
Kijana wa dirishani akaitazama, akanitazama,
akamwita mwenzake, wakaitazama wawili.
"Mama, huyu ni mdogo wako?
Sisi tunataka ya kwako."
Foleni ikacheka kidogo.
Nami nikacheka, nyuma yao kidogo,
na mashavu, kama kawaida yake, yakawaka.

Nikarudi kwa baiskeli, upepo ukinipuliza
palepale panapochoma.
Nikawasha taa zote mbili.
Nikakalia kile kigoda ninachowakalisha wengine,
nikawaambia watu wasiokuwepo: kidevu juu kidogo.
Sekunde kumi.

Ndiye huyo.
Kidevuni tatu, moja mbichi.
Ramani nyekundu toka puani hadi karibu na sikio.
Na macho; kwa miaka yote ya kutazama chini
sikujua kwamba ni mazuri.
Mkono ukaenda kwenye kipanya wenyewe, mazoea.
Nikaurudisha mapajani.
Ukaenda tena.
Nikazima kompyuta baada ya kuchapa.

Picha nne, elfu tatu.
Nikajilipa, nikajikatia risiti.
Mbili benki, moja mkobani,
moja akaidaka Mhina,
akaikagua kwa kidole, polepole, kama mwalimu wa hesabu.
"Hii," akasema, "jana haikuwepo."

Kweli.
Jana haikuwepo.