Lango la Nne

Kazi yangu sasa ni kitambaa.
Kila nusu saa namfuta macho,
maana vumbi la Tabora halijasoma mkataba,
linaingia bila kualikwa, jekundu, laini kama unga wa mtama.
Ubavuni ana namba, jina hana.
Watoto wa Isevya wanamwita Bwana Karibu:
"Karibu. Onyesha tiketi. Asante. Pita."

Miaka kumi na tisa nilisimama hapo alipo.
Nilichana tiketi mpaka kidole gumba kikaota sugu,
na sugu ipo bado, haina kazi,
kama tuta la reli lililong'olewa vyuma.
Nilimjua nani kalipa, nani kaazima shati la kaka
aonekane mtu mzima.
Nyanzala muuza karanga nilimpitisha bure,
naye hunipa konzi moja, hatudaiani.
Hayo hayakuandikwa popote.
Kwa hiyo hakufundishwa.

Sisemi ni mbaya.
Haibi. Zamani mapato ya mlangoni
yalifika ofisini yamekonda kama ng'ombe wa kiangazi,
na wote tulijua nani alimkamua njiani.
Usiku mwenzake wa magurudumu huchora chokaa bila kamba,
mstari umenyooka kuliko maneno ya mwenyekiti.
Mwingine hupanda majukwaa akinyonya maganda,
akifika ngazi ya juu hupiga mluzi mwembamba
kama birika lililosahauliwa jikoni.

Nasema tu yaliyotokea Jumapili ile.

Dakika kumi kabla ya filimbi,
foleni imepinda hadi vibanda vya chipsi,
ikaja sauti. Si ndege. Si jenereta.
Wingu la kahawia likashuka, likazunguka, likachagua:
kichwa cha Bwana Karibu, cheusi, chenye joto.
Wakakaa. Wakamvika kilemba, wakamwotesha ndevu.
"Karibu," akasema ndani ya nyuki. "Onyesha tiketi. Sioni.
Onyesha tiketi. Sioni."

Erasto, fundi wetu kijana aliyeletwa kutoka Dar,
alikumbatia kompyuta yake kama kichanga, akakimbia.
Akapiga simu makao makuu. Wakamuuliza: hitilafu gani?
Orodha ilikuwa na mvua, umeme, vurugu, moto.
Nyuki hawamo.
Wakamwambia: chagua "Nyingineyo".

Foleni haikukimbia. Ni watu wa Sikonge, wa Urambo,
waliolelewa chini ya mizinga.
Akatoka mmoja, Lugusi, kavaa jezi ya wageni,
akasema, "Tulieni. Hawa wamehama.
Aliyehama hana nyumba ya kulinda, hasira ataitoa wapi?"
Akaomba boksi la soda na majani makavu.
Moshi ukapanda. Akawakomba kwa kiganja kitupu,
polepole, kama anayemvua mgonjwa shati,
akimtafuta malkia.

Nami nikafungua kilango cha pembeni.
Walininyooshea simu; sikuzisoma, nilisoma nyuso.
Kidole gumba kilitafuta karatasi ya kuchana,
kikakuta hewa.
Pita. Pita. Wewe, hilo shati ni la nani? Haya, pita.
Nyanzala akapita na beseni lake kichwani,
mwaka wa pili sasa tangu mara ya mwisho,
akaacha konzi mfukoni mwangu bila kunitazama.

Jumatatu meneja ameinama juu ya hesabu.
Waliolipa, hawa. Waliohesabiwa ndani na kamera za juu, hawa.
Wamezidi sabini na wawili.
"Mama Kasele, hawa tuwaandike nini?"
"Nyingineyo," nikamwambia.
Hakucheka. Lakini aliandika.

Nikarudi na kitambaa changu.
Kwenye ufa wa shingo yake kulibaki nta, punje ndogo,
yenye harufu ya miombo ikichanua.
Nilifuta kioo, nikafuta paji, nikaiacha nta.
Nyuki mmoja aliyechelewa akaja kuinusa.
"Karibu," akaambiwa.