Dakika Kumi, Ghorofa ya Nane

Daktari Tsiala alinivua mkanda wa kupimia presha,
akautazama mshale, kisha akanitazama mimi.
"Zauri, vidonge utameza. Lakini kila asubuhi
keti dirishani dakika kumi. Sikiliza.
Usikisahihishe unachokisikia. Usitengeneze kitu."

Usitengeneze!
Miaka arobaini na mmoja fundi wa lifti, Tbilisi nzima,
masikio haya ndiyo yaliyonilisha.
Niliweka shavu kwenye mlango wa chuma
nikajua, kabla ya kufungua, beringi ipi imekauka.
Kwangu sauti haikuwa sauti. Ilikuwa lawama.

Siku ya kwanza. Gldani, ghorofa ya nane.
Saa ya jikoni: tiki, tiki. Nikainuka, nikaitoa betri.
Bomba: to. To. Nikaliendea na spana.
Niliporudi kitini
zilikuwa zimepita dakika mbili.

Siku ya tatu niliikalia mikono yangu
kama mtoto wa darasa la kwanza.
Chini uani Guliko anapiga zulia:
pu,
na kila pu ikigonga jengo la mkabala
inarudi ndogo, kama iliyopata aibu huko ilikokwenda.
Wazee wanachapa domino mezani, cha, cha.
Bondo anakohoa kidogo kabla ya kudanganya.
Pesa zote alizonila, sikuwahi kulijua hilo.

Siku ya tano, au ya sita, mvua.
Juu ya mabati ya gereji ina kucha.
Juu ya mforosadi inanong'ona, tena inasengenya.
Juu ya shuka la Guliko lililosahauliwa kambani
haisemi neno,
na hata huko kutosema nilikusikia.

Muuza matsoni hupita saa mbili kasorobo.
"Matsooooni!"
Mtindi tu, jamani. Lakini ile o anaivuta
ghorofa kwa ghorofa mpaka kwangu,
lifti pekee katika jengo hili isiyodai sarafu.

Halafu, nyuma yangu, ndara za Nazibrola.
Sikugeuka.
Miaka thelathini na minne ya ndoa
nilidhani mke wangu anaburuta miguu kwa uvivu wa asubuhi.
Si miguu. Ni mguu, mmoja, wa kushoto:
shwaa, ta. Shwaa, ta.
Kikombe kikatua. Kijiko kikazunguka mara tatu,
na tangu nianze vidonge hatuweki sukari.
Anakoroga chai tupu
ili nisione kuwa kuna kitu kimeondoka mezani.

Dakika ya nane. Sarafu ikadondoka kisandukuni, teng',
na lifti ikaanza kupanda ikilia,
iiiii, baina ya tano na sita, palepale.
Naijua beringi hiyo. Nilifunga kwa mikono yangu
mwaka aliozaliwa binti yetu.
Grisi kidogo tu, kazi ya robo saa.
Spana imo mfukoni, imeshika joto la paja.

Lakini ndani ya kile kilio kulikuwa na mtu.
Tornike, mtoto wa ghorofa ya saba, anatoka dukani,
ameipata sauti ya beringi kwa sauti yake,
anapanda nayo, anateleza, anaikamata tena,
wawili hao ndani ya sanduku la chuma, hawana haraka.
Nikiipaka grisi leo, kesho ataimba na nani?

Ya tisa.
Ya kumi.
Nilipitiliza, sikutazama saa; na hata hivyo
haina betri.

Shwaa, ta, kuelekea jikoni.
Nikainuka, si kwa ajili ya lifti.
Daktari atanisamehe, au asinisamehe.
"Nazibrola," nikasema, "mguu wako.
Tangu lini?"

Ndara zikanyamaza.
Kisha, taratibu, kiti kikavutwa.